Apolonia Alitoka Nje Kwenye Benchi

Siku Nkwabi alipomtia Apolonia machoni kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amechuchumaa mbele yake akimvuta buti. Buti lilikuwa limejaa tope la machimboni na halikutaka kutoka. Nkwabi mwenyewe hakuweza kuinama. Njia nzima alikuwa amekaa nyuma ya gari, mdogo wake Enock kamlalia mapajani, na walipofika hospitali mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, haishiki kitu.

"Mguu," alisema Apolonia.

Nkwabi akanyanyua mguu.

"Na wa pili. Humu ndani hatuingii na tope, kaka, hata likiwa na dhahabu. Likiwa na dhahabu ndiyo kabisa, wafagiaji watapigana."

Nkwabi hakujua kama anatakiwa kucheka. Alikuwa mtu wa haya tangu utoto wake. Umri umekwenda, ndevu zimeanza kuota mvi, lakini hata dukani alisubiri wengine wote wahudumiwe ndipo aseme anachotaka. Akavaa ndala za plastiki alizosogezewa, akavishwa gauni la kijani lililomfika magotini, akamfuata yule nesi hadi kwenye chumba cha mahututi.

Enock alikuwa amelazwa kitanda cha pembeni, mpira umeingia kinywani, mashine inampumulia. Duara alilokuwa akichimba, yaani shimo la dhahabu, lilikuwa limeporomoka asubuhi ile na kumfukia hadi shingoni, na jiwe likampata kichwani. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa mbao. Uso wake ulikuwa bado na vumbi, kama mtu aliyepakwa unga.

Apolonia alilowesha kitambaa, akamwinamia. "Enock, mimi naitwa Apolonia. Ninakufuta uso sasa. Maji ni ya uvuguvugu, usishtuke."

Nkwabi alishtuka yeye. "Anasikia?" aliuliza, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

"Sijui," alisema Apolonia bila kugeuka. "Lakini sina tabia ya kumshika mtu bila kumwambia."

Hivyo ndivyo walivyojuana.

Hospitali ile ilikuwa ya misheni, kando ya barabara itokayo Masumbwe, na chumba chake cha mahututi kilikuwa na vitanda vinne. Nje ya mlango palikuwa na benchi refu la mbao. Ndugu za wagonjwa waliishi juu ya benchi hilo. Walikula hapo, walisali hapo, walisinzia wakiegemeana mabega bila kujuana majina. Nkwabi alichukua mwisho wa benchi, karibu na ukuta, akakaa. Kazi yake ya kulisha mawe kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, huko machimboni aliiacha kwa wenzake. Mke wa Enock, Aneth, alikuwa na mtoto mchanga na aliweza kuja mara moja moja tu. Baba yao alikwishafariki, na baba mdogo Amosi alikuwa na ng'ombe wa kuangalia upande wa Shinyanga. Kwa hiyo benchi likawa la Nkwabi.

Kutoka pale, mlango ukiwa wazi kidogo, aliona kazi ya wale manesi, akajifunza kumtofautisha Apolonia na wenzake hata kwa mgongo. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye hatua za haraka. Akitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine alikuwa na desturi ya kujipiga kofi dogo kwenye paja, kama mtu anayefungua ukurasa mpya. Wagonjwa wote walikuwa wamelala usingizi wa dawa au wa maradhi, na yeye aliwasemesha wote. Mmoja alimpa habari za mvua. Mwingine alimgombeza kwa kukunja mkono wenye sindano. Enock yeye alisalimiwa kwa Kisukuma kibovu chenye lafudhi ya Kizinza, hadi Nkwabi akawa anaficha uso kwenye kiganja ili asionekane akicheka.

"Unanicheka, kaka?" alimuuliza siku moja akitoka na chupa yake ya chai.

"Hapana, sista."

"Unanicheka. Mimi ni mtu wa Chato, Kisukuma nimekiokota sokoni, mama yangu akiuza dagaa. Wateja wake wote walikuwa Wasukuma. Wanakuja, wanasalimia nusu saa, wananunua kikombe kimoja." Akaketi mwisho wa benchi, akakunywa chai yake haraka haraka.

Alikuwa na kawaida hiyo ya kukaa kidogo nje akipata nafasi, na kwa kuwa Nkwabi hakuwa msemaji, yeye ndiye aliyesema. Kwa vipande hivyo vya maneno Nkwabi akajua maisha yake. Alianzia kazi wodi ya wazazi, na huko aliipenda kazi kuliko popote, kwa sababu, alisema, mtu anaingia mmoja anatoka wawili. Chumba cha mahututi kilipofunguliwa manesi wengi walikikimbia. Yeye akapelekwa kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kukataa. "Huku wakiingia wanne, wakatoka watatu, tunapika pilau." Mumewe aliendesha lori la mpunga, na nyumbani alionekana kama mgeni wa heshima. Binti yao, Blessing, alisoma sekondari Shinyanga na kuishi kwa shangazi yake Ngokolo, kwa hiyo watu wengi walimwita Mama Blessing. Nkwabi naye alikuwa na nyumba Ngokolo, na mkewe alikuwa huko. Lakini kabla hajapata maneno ya kulisema hilo, Apolonia alikuwa amekwishajipiga paja na kurudi ndani.

Siku nyingine alikuja Theonest, mchimbaji mwenzake Enock, ameshika mkate mkononi. Alikaa karibu na Nkwabi muda mrefu, anageuza ule mkate kama usukani.

"Kaka Nkwabi," alisema mwishowe, "timba lilikuwa limepasuka. Zile nguzo za kushikilia udongo. Niliona jana yake."

Nkwabi alimtazama.

"Nilitaka kusema. Lakini si unajua mwenye duara alivyo. Kuna kijana mmoja alisema habari ya ufa, akaambiwa ana mkosi, anaifukuza dhahabu, akatolewa kazini siku ileile. Baada ya hapo nani atasema?" Aliuweka mkate benchini. "Nikanyamaza. Wote tulinyamaza."

Nkwabi alivunja mkate akampa Theonest nusu, wakala.

Siku zikasonga. Daktari Wiliam alisema uvimbe kichwani unapungua, na kwamba Enock aendelee kulazwa kwa dawa ya usingizi kidogo, ili asipigane na mpira wa kupumulia. Dawa hiyo ilikuwa kwenye vichupa vidogo vya kioo vinavyovunjwa shingo. Nkwabi alivijua, maana manesi walipopokezana zamu walisemezana karibu na mlango. "Huyu kichupa kimoja kila anapoanza kufurukuta. Yule hapati." Hakuna aliyetaja kipimo kingine. Stoo ya hospitali haikuwahi kuwa na vichupa vya aina nyingine, na lugha ya chumba kile ikawa hiyo: kichupa kimoja, vichupa viwili.

Kisha stoo ikaishiwa. Lusia, nesi kijana aliyekuwa zamu moja na Apolonia, alimletea Nkwabi karatasi ya daktari yenye mhuri. "Kaka, katununulie nje. Vichupa sita."

Duka la dawa lililokuwa karibu ni la familia ya Mansukhlal, pale stendi. Mehjabin, binti wa mwenye duka aliyesomea dawa, aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Nguvu gani?" aliuliza. "Hapa pameandikwa jina na idadi tu."

Nkwabi alitazama miguu yake. "Wanasema vichupa sita."

Mehjabin akapiga simu hospitali. Simu ikaita, ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Nyuma ya Nkwabi kulikuwa na foleni, na mgonjwa hawezi kungoja simu. "Zilizopo ni hizi," alisema. "Nguvu imeandikwa juu ya boksi, na kwenye kila kichupa. Manesi watasoma." Akalifunga boksi kwenye mfuko.

Mchana ule ulikuwa wa shida. Vitanda vyote vinne vilikuwa na watu. Lusia alikuwa amemsindikiza mmoja kwenda kupigwa picha ya kifua, na nesi wa tatu alikuwa na homa nyumbani kwake. Apolonia alibaki peke yake na watatu. Nkwabi alikuwa ndani, ulikuwa muda wa kutazama wagonjwa, amesimama miguuni pa Enock na gauni lake fupi. Mashine ya kitanda cha pili ikalia. Apolonia akaikimbilia. Hajamaliza, Enock akaanza kufurukuta, anakohoa juu ya mpira, mkono mmoja unapapasa kuung'oa.

"Nakuja, Enock, nakuja, baba," alisema Apolonia. Akalifungua lile boksi jipya, akavunja kichupa, akavuta dawa yote kwenye bomba la sindano. "Nakupa dawa ya kukutuliza. Haya." Akaisukuma taratibu kwenye mpira wa mkononi.

Enock akatulia. Mkono ukashuka.

Apolonia akageuka kutupa kile kichupa kitupu kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha. Mkono wake ukafika juu ya tundu la kisanduku, ukasimama hapo. Alikileta kichupa karibu na macho. Akalichukua boksi, akalitazama pia.

Nkwabi alimwona akifumba macho, akayafumbua.

"Enock," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, "nimekupa nyingi. Nakaa hapa." Akaivuta simu ya ukutani. "Daktari Wiliam, njoo. Nimempa wa kitanda cha nne dozi mara tatu ya dawa ya usingizi. Presha inashuka. Ndiyo, mimi. Njoo."

Nkwabi aliombwa atoke. Alikaa mwisho wa benchi akiwa bado na gauni la kijani na ndala. Daktari akapita mbio. Lusia akarudi na mgonjwa wake, akaingia. Mlango haukufungwa vizuri, na Nkwabi aliwasikia wakiagiza maji ya mshipani, wakitaja namba za presha, zikishuka, zikisimama, kisha zikipanda kidogokidogo. Daktari alisema pale hawana dawa ya kuiondoa ile. Mashine itaendelea kumpumulia, wataishikilia presha, na kazi iliyobaki ni kungoja imtoke mwilini yenyewe. Kwa mtu mzima asiye na jeraha la kichwa asingekuwa na wasiwasi sana. Kwa huyu, alisema, tusubiri tuone kama ataamka.

Daktari alipokwenda kuandika, sauti ya Lusia ikasikika, ya chini lakini kali.

"Unakwenda wapi, Mama Blessing?"

"Nje. Kwa ndugu yake."

"Una wazimu? Presha imepanda. Daktari atamweleza Matroni, yataisha ndani kwa ndani. Yule ana jeraha la kichwa, dada. Asipoamka watasema ni wewe uliyemuua."

"Ndiyo maana nakwenda sasa. Kabla hajaamka, na kabla hajakataa kuamka."

"Unakumbuka yule mwenzetu wa wodi ya wanaume? Alisema ukweli wake, wakamwandikia barua, wakampeleka stoo kufungasha pamba. Tangu siku ile umesikia nani amekosea humu? Hakuna. Tumekuwa malaika wote."

"Mimi nimekosea," alisema Apolonia.

"Na mimi nilishakosea! Na bosi wetu Deusdedit! Mtu mmoja wagonjwa watatu, nani asiyekosea? Lakini huendi kulitangaza kwenye benchi kama mnadani!"

Mlango ukafunguka. Apolonia alitoka, akakaa karibu na Nkwabi. Safari hii hakuwa na chai. Aliweka kile kichupa kitupu kwenye kiganja chake, amekifunga kwa karatasi laini.

"Kaka Nkwabi," alisema. "Nimemkosea ndugu yako. Dawa uliyonunua ina nguvu mara tatu ya ile tuliyoizoea. Wewe hujakosea, umeleta kama karatasi ilivyosema, na karatasi ni yetu. Juu ya kichupa pameandikwa. Sikusoma. Nilimpa kichupa kimoja kama kawaida. Sasa atalala kuliko tulivyotaka, na hatujui kama itamdhuru. Nitakuwa naye. Ukitaka kuniuliza lolote, uliza. Ukitaka kunitukana, ni haki yako."

Nkwabi alitaka kusema maneno mengi. Kifuani yalikuwepo, njiani yalikuwa yanapotea. Aliutazama ukuta wa mbele yake.

"Sawa," alisema.

Apolonia akasimama, akarudi ndani.

Jioni akaja baba mdogo Amosi kutoka Shinyanga, na Aneth na mtoto mgongoni. Nkwabi aliwaeleza kwa ufupi, na ufupi huo ulimponza, maana baba mdogo alisikia neno moja tu.

"Amezidishiwa dawa? Na nesi kasema mwenyewe? Wamemuua ng'wana wane, mwanangu! Mtu katoka mzima kwenye udongo, aje afe kwenye shuka nyeupe?" Alipiga fimbo sakafuni. "Huyo mama asimguse tena. Aondolewe, afukuzwe, akauze mchicha huko kwao."

Aneth alimfungua mtoto mgongoni, akamnyonyesha, na machozi yakadondokea nywele za mtoto.

Asubuhi yake wakaitwa ofisini kwa Matroni, Martina, mwanamke mrefu mwenye miwani, mkuu wa manesi wote. Alikuwepo Deusdedit, kiongozi wa chumba cha mahututi, ameinamisha kichwa. Apolonia alisimama karibu na dirisha. Hakuwa amelala, macho yake yalikuwa mekundu, lakini gauni lake lilikuwa limepigwa pasi. Enock alikuwa bado hajaamka.

Matroni aliwaomba radhi kwa niaba ya hospitali. Kisha akasema mambo kama hayo yana utaratibu wake, na kwamba kwa kawaida muuguzi aliyekosea huondolewa chumba kile na kupewa barua ya onyo. Lakini kabla ya kuamua alitaka kusikia familia inasemaje.

"Familia inasema atoke," alisema baba mdogo Amosi. "Tena leo. Mchungaji akizamisha ng'ombe wangu majini, simpi kundi kesho."

Deusdedit akainua kichwa. "Matroni, naomba neno. Kichupa kimoja, hata mimi nasema hivyohivyo. Nilimfundisha Lusia kusema hivyo. Kama ningekuwa mimi jana, ningempa vilevile." Akaongeza polepole, "Ila sijui kama ningetoka nje kumwambia mtu."

"Hilo la kuambiana ni lenu," alisema Amosi. "Mimi nataka mtoto wangu."

Matroni aliwatazama wote, macho yake yakatua kwa Nkwabi. "Wewe ndiye kaka wa mgonjwa. Umekaa hapa muda wote. Hujasema."

Kila mtu akamgeukia. Mbele ya watu Nkwabi hakuwa amesimama kuzungumza tangu darasa la saba, na hata siku ile aliyasahau maneno. Alishika ukingo wa kiti.

"Baba," alimwambia Amosi, kwa kuwa kumtazama Matroni kulimshinda, "shikamoo."

"Marahaba, si umeshanisalimia?"

"Baba, lile duara. Timba lilipasuka siku moja kabla. Wenzake Enock waliona. Theonest aliniambia mwenyewe pale benchini. Hawakusema, kwa sababu aliyetangulia kusema ufa alifukuzwa, akaambiwa ana mkosi. Basi Enock akashuka asubuhi hajui kitu."

"Hilo ni la machimboni. Hapa ni hospitali."

"Ndiyo, baba. Lakini huyu ametoka nje akaniambia. Hakuna aliyemlazimisha. Nilisikia wakimkataza." Maneno yalianza kumkimbia, akayakimbilia. "Mimi nataka abaki kwa Enock. Akitoka huyu, ataingia mwingine ambaye naye atakosea, na yeye hataniambia. Nitakaa pale benchini kama Enock pale shimoni."

Baba mdogo Amosi alizungusha fimbo yake kati ya viganja.

"Na asipoamka?" aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mzee aliyeogopa. "Nkwabi, asipoamka, utamwambia nini huyu mkwe wangu?"

"Asipoamka tutalia," alisema Nkwabi. "Lakini tutajua tunalilia nini."

Aneth, aliyekuwa amekaa nyuma, alisema kwa mara ya kwanza. "Abaki. Huwa anamsemesha mume wangu. Hao wengine wanamgeuza tu."

Baba mdogo alishusha pumzi ndefu. "Kijijini kwetu," alisema, akimgeukia Apolonia, "ng'ombe wa jirani wakila mtama wako, unawafuata kwa rungu. Ila jirani akija mwenyewe mapema na kusema wangu ndio waliokula, unampa kiti, hata kama moyo unakuuma. Basi kaa, mayu, mama. Sijasema nimefurahi."

"Sijaomba ufurahi, baba," alisema Apolonia. "Wabeja, asante sana."

Matroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuandika barua. Alimwambia Deusdedit kwamba kuanzia siku ile neno la kichupa life katika chumba kile. Karatasi za kununua dawa nje zitaje nguvu, na dawa yoyote isiyo ya stoo isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kuvunjwa. "Na mkiwa mmoja?" aliuliza Deusdedit. "Mtu mmoja na wagonjwa watatu, Matroni, wa pili ni nani?" Matroni alisema atalipeleka suala hilo la watu kwa mganga mkuu, na uso wake ulionyesha kwamba amekwishalipeleka mara nyingi.

Apolonia alilipatia suala hilo dawa mwenyewe. Akiwa peke yake, alikuja mlangoni na boksi. "Kaka Nkwabi, soma."

"Mimi, sista? Mimi ni wa darasa la saba."

"Namba za darasa la saba ni hizihizi. Soma."

Nkwabi alisoma polepole, kidole kikifuata, na Apolonia alirudia nyuma yake, akilinganisha na agizo la daktari. Watu wa benchini walizoea. Mama mmoja ambaye mumewe alikuwa kitanda cha pili alianza naye kudai asomewe. "Na mimi wa kwangu nisomeeni, mnambagua kwa nini?" Lusia mwanzoni alikunja uso, baadaye Nkwabi alimsikia naye akisoma kwa sauti hata dawa ya kutuliza homa, anasoma kama anahubiri, na Deusdedit anamwitikia "Amina."

Enock hakuamka siku ile, wala iliyofuata. Apolonia aliendelea kumsalimia kwa Kisukuma chake kibovu. Nkwabi alikaa, akatazama mlango, akalala akiwa ameegemea ukuta. Hakujuta maneno yake, ila yalimwogopesha, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake bila kujua uzito wake. Baba mdogo aliondoka kurudi kwenye ng'ombe na kupiga simu kila jua likichomoza: "Bado?" "Bado, baba."

Aliyeona kwanza ni Lusia. Alikuwa akimgeuza Enock ubavu, akapiga ukelele, Nkwabi akadhani ni msiba. Alipoingia, bila gauni, bila ndala, hakuna aliyemkemea. Enock alikuwa amefungua macho. Macho yalizunguka dari, yakamfikia Apolonia, yakamwangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka sauti ya redio.

"Enock, mimi naitwa Apolonia," alisema. "Nibane mkono. Umenibana. Haya basi. Haya." Kisha akageukia ukutani, akasimama hapo muda, mabega yakitikisika, akajipiga paja, akageuka tena.

Mpira ulipotolewa, neno la kwanza la Enock lilitoka kwa sauti ya mkwaruzo. "Duara limetoa?"

"Wachimbaji ninyi!" alisema Apolonia. "Mtu karudi kutoka kwa Mungu, anauliza dhahabu."

Kichwa kilikuwa kimepona kuliko walivyotarajia, lakini mguu ulihitaji mabingwa wa mifupa Mwanza. Gari la wagonjwa lilipatikana ghafla, asubuhi moja ambayo Apolonia alikuwa mapumziko, nao wakaondoka bila kumwona. Enock anatembea leo, anachechemea, na amehamia kilimo cha mpunga. Nkwabi alipopita tena hospitali ile, mwaka uliofuata, Deusdedit alimwambia Apolonia aliomba uhamisho kwenda Chato kumtunza mama yake, na yupo huko wodi ya wazazi. Nkwabi amewahi kufika Chato kwa shughuli za mpunga. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaliangalia geti la hospitali, haya ikamshika, akapanda basi.

Kwa hiyo mara ya mwisho walipozungumza ni jioni moja kabla ya lile gari la Mwanza. Apolonia alikuwa akimaliza kuandika, Enock amekula uji, amelala usingizi wake mwenyewe usio na dawa. Nkwabi alijikaza, akauliza jambo ambalo lilimkaa rohoni tangu siku ya ofisini.

"Sista, siku ile unatoka kuja benchini, uliogopa?"

Apolonia aliweka kalamu.

"Niliogopa sana. Hata leo naogopa. Nikishika sindano, mkono unaniuliza, una hakika? Zamani ulikuwa hauulizi. Nauacha uulize. Sasa nenda ukalale, kaka Nkwabi, macho yamekuwa kama ya bundi. Mimi nipo."